Vita Sackville-West

Vita Sackville-West (9 Machi 1892 – 2 Juni 1962) alikuwa mwandishi, mshairi na mtunza bustani kutoka nchini Uingereza. Anakumbukwa hasa kwa bustani ya Sissinghurst.

Alizaliwa katika jumba la Knole, Kent, akiwa mtoto pekee wa wazazi wake. Baba yake alipofariki mwaka 1928, jumba hilo lilirithiwa na baba yake mdogo, kwa kuwa taratibu za urithi za ukoo hazikumruhusu mwanamke kulipata.

Mwaka 1930 yeye na mume wake, Harold Nicolson, walinunua Sissinghurst, makazi ya kale yaliyokuwa yamechakaa, pia huko Kent. Harold alichora ramani ya bustani na Vita alichagua mimea. Waliigawa kwa kuta na nyua za miti kama vyumba visivyo na paa. Kimojawapo ni cha maua meupe.

Mwaka 1938 waliifungua kwa umma, kiingilio kikiwa shilingi moja. Tangu 1967 inatunzwa na National Trust, na vikundi vya wageni huitembelea hasa majira ya joto, mawaridi yanapochanua. Knole, jumba ambalo hakulirithi, nalo liko chini ya taasisi hiyohiyo.