Rosalie Gicanda, malkia mjane aliyenifanya niwasemee wazee

NILIZALIWA ukimbizini Karagwe, mkoani Kagera, na huko ndiko nilikosoma hadi kidato cha nne. Rwanda niliijua kwa mdomo wa bibi yangu mzaa baba, aliyekimbia na watoto wake mwanzoni mwa miaka ya 1960. Katika hadithi zake zote, moja hakuchoka kuisimulia: ile ya Rosalie Gicanda, aliyeolewa na Mwami Mutara III Rudahigwa Januari 1942, wakati bibi alikuwa msichana mdogo jirani na Nyanza.

Leo nafundisha Kiswahili hapa Kigali, na mtaani kwangu wananijua zaidi kama mtu wa kufuatilia mambo ya wazee. Wengine wananiita mbea. Ningependa msomaji ajue kuwa kazi hiyo nilifundishwa na maisha ya malkia huyo, na pia na aibu yangu mwenyewe, ambayo nitaieleza.

Gicanda hakuolewa katika nyumba tulivu. Rudahigwa alitawazwa mwaka 1931 baada ya Wabelgiji kumng'oa baba yake, Yuhi V Musinga. Mzee huyo walimpeleka Kamembe, kisha Moba nchini Kongo, na huko ndiko alikofia mwaka 1944. Rudahigwa alikuwa ameshaachana na mke wake wa kwanza, Nyiramakomali. Gicanda alikuwa tayari Mkristo, na Mwami mwenyewe alibatizwa mwaka 1943, mwaka mmoja baada ya harusi.

Hawakupata mtoto. Kwa wakati ule jambo hilo lilikuwa zito kwa mwanamke yeyote, sembuse malkia, maana mtoto ndiye aliyetegemewa kumtetea mama uzeeni.

Julai 25, 1959 Rudahigwa alifariki ghafla mjini Usumbura, Bujumbura ya leo, baada ya kumwona daktari wake Mbelgiji. Kasri jipya la Rwesero lililokuwa likijengwa kwa ajili yake hakuwahi kulihamia. Ndugu yake wa kambo, Kigeli V Ndahindurwa, alirithi kiti lakini mwaka uliofuata alikuwa nje ya nchi, na Januari 28, 1961 jamhuri ikatangazwa Gitarama. Maelfu ya Watutsi walikuwa wamekwisha kukimbilia Uganda, Burundi, Kongo na Tanganyika.

Gicanda hakuondoka. Alibaki Nyanza, mjane asiye na mtoto, hadi serikali ya Rais Grégoire Kayibanda ilipomtoa katika makao ya marehemu mumewe. Alihamia Butare, mji uliokuwa ukiitwa Astrida na ambao sasa ni Huye. Huko aliishi kwa takriban miaka 30 katika nyumba ya kawaida, pamoja na mama yake mzazi na wanawake wachache. Hakuwa na cheo wala jeshi. Watu walimjua kama mama mpole na mcha Mungu.

Hapa ndipo ninapopenda tusimame kidogo. Wanaosimulia habari za Gicanda huruka haraka kutoka harusi hadi kifo chake, kana kwamba yale mengine hayakuwa kitu. Mimi naona kisa kilianzia pale Nyanza. Mjane alitolewa katika nyumba yake na dunia haikushtuka, kwa kuwa hakupigwa wala hakumwagwa damu. Kufukuzwa kwake kulihesabiwa kuwa utaratibu tu wa serikali mpya. Mwenye kuzoea kuona mzee akitolewa nyumbani bila kuuliza neno, kesho atashindwa vipi kuzoea na mengine?

Mwaka 1994 mauaji ya kimbari yalipoanza, Butare ilichelewa kuwaka. Gavana wake, Jean-Baptiste Habyalimana, alikuwa Mtutsi na alijitahidi kuyazuia. Akafukuzwa kazi. Aprili 19 Théodore Sindikubwabo, aliyekuwa akijiita rais wa muda, alifika mjini na kuhutubia. Kesho yake, Aprili 20, wanajeshi waliingia nyumbani kwa Gicanda. Walimchukua pamoja na wanawake aliokuwa akiishi nao, wakawapiga risasi nyuma ya Makumbusho ya Taifa, jengo lenye vitu vya enzi ya mumewe. Mama yake mzazi, aliyekuwa hawezi kutoka kitandani, walimwacha. Siku mbili baadaye naye aliuawa.

Wenyeji wa Butare walielewa maana yake. Ikiwa huyu hakuachwa, hakuna atakayeachwa.

Habari zilitufikia Karagwe baada ya miezi. Bibi hakulia mbele yetu. Aliuliza jambo moja tu, na akarudia kuliuliza kwa miaka: katika siku zile mbili, nani alimpa yule mama maji?

Tulirudi mwaka 1996. Familia ilipata kiwanja Kabeza, hapa Kigali, na kwa makubaliano ya wote kilikuwa cha bibi, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa ameacha mali nchini. Miaka ikapita. Kila mtu akawa na shughuli zake, bibi akahamishiwa chumba cha nyuma ili wapangaji waingie vile vya mbele. Kisha likaja zoezi la kuandikisha ardhi nchi nzima, lililoanza mwaka 2009. Ndugu mmoja, simtaji, alileta karatasi. Bibi hakujua kusoma. Nilikuwapo sebuleni, mwalimu mzima, nikaona kidole gumba chake kikishikwa, kikapakwa wino na kubanwa pale chini. Nilijua kilichoandikwa juu. Sikusema kitu, kwani ndugu huyo ndiye aliyenilipia karo.

Juni 19, 2012 mahakama ya Arusha ilimhukumu kifungo cha maisha Kapteni Ildephonse Nizeyimana, aliyekamatwa Kampala mwaka 2009. Miongoni mwa makosa yaliyothibitishwa ni kuamuru Gicanda auawe. (Katika rufaa ya mwaka 2014 adhabu ilishushwa hadi miaka 35.) Nilimkuta bibi akisikiliza redio katika chumba chake cha nyuma. Nilidhani atafurahi. Akaniuliza kama hukumu hiyo ilisema lolote kuhusu nyumba ya Nyanza. Nikamwambia haikuhusu hilo. Alinitazama muda mrefu, na mimi nikajua anajua habari za ile karatasi.

Alifariki mwaka huohuo, katika nyumba isiyo yake.

Sikuanza kutetea wazee siku hiyo. Ningedanganya nikisema hivyo. Ilinichukua kama miaka miwili, hadi nilipowapeleka wanafunzi Mwima, Nyanza, alikozikwa Gicanda kando ya mumewe. Siku hizi Kigeli V naye yupo hapo tangu Januari 2017. Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini malkia hakuwa akiishi kwenye kasri tulilotoka kuliona. Nilipomjibu nilisikia sauti yangu ikitetemeka.

Niseme pia ukweli mwingine. Nchi hii haikukaa kimya. Sheria ya Novemba 1999 iliwapa wajane na mabinti haki ya kurithi. Wazee waliopoteza watoto wao wote mwaka 1994, waliokuwa wakiitwa incike, leo wanaitwa intwaza, yaani wakakamavu, na baadhi yao wanatunzwa katika nyumba za Impinganzima. Moja ipo palepale Huye. Lakini sheria haikai sebuleni wakati wino unapakwa. Anayekaa pale ni jirani, mjukuu, au mwalimu kama mimi.

Kwa hiyo nafanya jambo dogo. Baada ya umuganda wa mwisho wa mwezi natangaza kuwa mzee yeyote mwenye karatasi aje nimsomee kwa Kinyarwanda, polepole, mara mbili, kabla hajaweka kidole. Wanakuja. Wengine hawana karatasi yoyote. Wanakuja kunieleza kuwa chakula chao hupelekwa saa nne usiku, au kwamba simu yao ya posho anaishika kijana.

Mwaka jana alikuja bibi mmoja jirani, mjane, ambaye mjukuu wake alikuwa amebadili kufuli la nyumba na kumwachia banda la jikoni. Tulikwenda kwa abunzi, wapatanishi wanaochaguliwa na wananchi. Vikao vitatu. Katika cha kwanza mjukuu alisema ni mambo ya familia, na nusu ya waliokuwapo wakatikisa vichwa kukubali. Nilisimama nikawasimulia habari za Nyanza na Butare, na habari za Kabeza pia, bila kuficha kwamba nilikuwapo.

Bibi alirudishiwa funguo. Mjukuu hanisalimii mpaka leo, na ndugu yangu mwenye ile karatasi, baada ya habari kumfikia, naye hanipigii simu tena. Asubuhi nikienda shuleni napita kwa yule bibi. Namkuta ameketi mlangoni, ndoo yake ya maji imejaa, funguo zimefungwa kwenye ncha ya kitenge.