Joginder Singh: Msee Alinunua Ndai ya Mtumba Akageuka Simba wa Safari Rally (Soma Kabla Uchague Manuali ama Auto)

Hebu sema ukweli. Uko stage ya Voi unangoja matatu ya kupanda Mwanda, na kwa simu umefungua picha mbili. Ya kwanza ni Impreza ya buluu, gia za mkono, mwenyewe anaapa haijawahi kufunguliwa injini. Ya pili ni Impreza hiyo hiyo lakini otomatiki, bei imeshuka kidogo. Doo ya sacco imeshatoka. Mbogi yako ya Mombasa imekuambia auto ni ya wazee. Mathe naye anataka tu ndai itakayomfikisha nyumbani bila yeye kushikilia mlango njia nzima.

Kabla utume hata soo mbili ya kushikilia, kaa hapo nikupigie story ya mzee mmoja. Hajawahi kuuza gari online, na alifariki ukiwa bado unavaa kaptura ya shule. Lakini hakuna Mkenya aliyejua ndai ya mtumba kama yeye.

Joginder Singh alizaliwa Kericho, tarehe 9 Februari 1932. Familia yake ilikuwa ya Kalasinga kutoka Punjab, na baba yake alikuwa na gereji. Hapo ndipo kila kitu kilianzia. Wewe ukiwa mtoto ulicheza na gari la waya, yeye alikuwa na spana ya kweli na mafuta machafu mpaka kwa viwiko. Alijifunza ufundi kabla ajifunze mbio. Shika hiyo vizuri, ju tutairudia.

Baadaye alipata job na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki. Kazi ilikuwa ya doria: kuzunguka barabarani akisaidia ndai zilizokwama. Fikiria miaka ya hamsini, hakuna lami ya maana, hakuna simu, na wewe ndiye unatokea kwa mtu aliyekaa kando ya barabara boneti ikiwa juu. Kila siku unaona venye gari hufa. Hii imeungua klachi, ile imechemsha, ingine breki zimeisha akiteremka. Shule ya udereva haikufundishi hayo.

Safari Rally yenyewe ilianza 1953, wakati Malkia Elizabeth anatawazwa. Usiichanganye na hii ya Naivasha unayoendea na mbogi na jaba. Ile ya zamani ilikuwa ya Pasaka, karibu kilomita 5,000, usiku na mchana, kwa barabara zile zile za ng'ombe na lori, Kenya, Uganda na Tanganyika. Na ndio, ilipita huku kwetu. Milima ya Taita ilikuwa moja ya sehemu zilizoogopwa kwa njia ya kuelekea Pwani, ju huku kona haikupi notisi. Waulize wazee wa Wundanyi ama Mwatate, hutakosa mmoja aliyesimama kwa ukingo wa barabara saa nane usiku na blanketi akingoja taa.

Joginder aliingia mara ya kwanza 1959. Hakuwa na kiwanda nyuma yake. Alikuwa na gereji, ndugu zake, na kichwa.

Sasa tufike 1964. Volvo walileta timu ya kiwanda kutoka Sweden na gari zao za PV544, zile zenye mgongo wa mviringo kama kobe. Safari iliwatafuna. Kiwanda kikarudi nyumbani, na moja ya zile ndai zilizochoka ikabaki Kenya.

Joginder akainunua.

Yaani, ndai ya mtumba. Imekimbizwa na wengine, imepigwa na mashimo ya nchi tatu, wenyewe wameikatia tamaa. Leo ungeiona kwa tangazo ungepita haraka sana. Yeye aliingia nayo gereji na kaka yake Jaswant, wakaifungua, wakaangalia kila kitu kwa macho yao, wakairudisha. Gia za mkono, nne. Pasaka ya 1965 wakaanza na namba 1 kwa mlango, wawili hao, ndugu wa mama mmoja, dereva na msoma ramani. Mvua ilinyesha noma. Waliondoka zaidi ya magari 80, wakamaliza 16 peke yake. Volvo iliyokataliwa ilifika kwanza, na namba mbili akafika zaidi ya saa moja baadaye. Si dakika, buda. Saa.

Kutoka siku hiyo wakamwita Simba, jina lililokuwa lake hata kabla, ju Singh yenyewe maana yake ni simba.

Nimejua watu wengi wanaosimulia hii story wakiishia hapo kwa ushindi. Mimi kitu hunishika ni ile gereji. Tuseme ukweli, 1965 kulikuwa na madereva wenye mguu mzito kuliko wake. Tofauti ni kwamba akisikia mlio kutoka chini ya kiti alijua ni kitu gani, kitadumu kilomita ngapi, na kama apunguze mwendo sasa ama asubiri. Ndiyo maana hesabu yake inashangaza: alishiriki Safari 22, akamaliza 19. Ile rally ilikuwa inarudisha watu nyumbani kwa breakdown, na huyu jamaa anamaliza tu.

Alingoja miaka tisa ndiyo ashinde tena. 1974 akarudi na Mitsubishi Lancer 1600 GSR, ndai ndogo ambayo ulimwengu haukuwa umeichukulia serious, na David Doig akiwa kiti cha pili. Porsche ya Björn Waldegård, Mswidi mwenye jina kubwa, ikabaki namba mbili. 1976 akashinda tena na Lancer, na nyuma yake Lancer zingine mbili zikachukua namba mbili na tatu. Akawa mtu wa kwanza kushinda Safari mara tatu. Hizo Evo mnazoweka kama picha ya profaili, babu yao ni hiyo Lancer, na aliyeitambulisha kwa dunia ni fundi wa Kericho.

Zote alizoshinda nazo zilikuwa za mkono. So unaona nakuambia ununue manuali, si ndiyo?

Tulia kwanza. Kuna kitu kilitokea 1979, Simba akiwa bado anashiriki. Mercedes walikuja Safari na 450 SLC 5.0, coupe ya wadosi, V8, na gia za otomatiki. Wasee walicheka, ju rally na auto ilikuwa kama kwenda shamba na viatu vya harusi. Hannu Mikkola akamaliza namba mbili na hiyo otomatiki, nyuma ya Shekhar Mehta na Datsun 160J yake. Desemba ya mwaka huo huo, Mercedes wakaenda Bandama Rally kule Ivory Coast wakachukua namba moja mpaka nne. 1980 Vic Preston Jr akawa wa tatu Safari na Mercedes pia. Kwa hivyo rafiki yako akikuambia auto si ya kiume, muulize yeye amemaliza Safari gani.

Auto iliwezaje? Kati ya injini na gia hakuna klachi ya kukanyaga. Kuna mafuta yanayozungushwa, nayo yanabeba nguvu. Ukipiga shimo ama jiwe, ule mshtuko unamezwa na mafuta badala ya kwenda moja kwa moja kwa meno ya gia. Mikono yote miwili inabaki kwa usukani. Dereva akichoka saa tisa usiku hakosei gia, ju hakuna ya kukosea. Lakini kumbuka pia Mercedes walikuwa na kiwanda kizima nyuma yao, mafundi na spea zikiwangoja njiani. Wewe uko na fundi mmoja wa Mwatate, mzuri sana, lakini ni mmoja, na pengine amefungua otomatiki mbili tu maishani.

Sasa turudi kwa mlima wako. Voi iko kama mita 600 juu ya bahari. Vuria, kilele cha juu zaidi cha Taita, kinapita mita 2,200, na Mwanda iko huko huko juu kwa ukungu. Watu huogopa kupanda, lakini kupanda ni rahisi, ndai ikishindwa inasimama tu. Balaa ni kuteremka. Uko na mathe mbele, mabinamu watatu nyuma, gunia la viazi kwa buti, na kona baada ya kona mpaka ufike tambarare. Ukikanyaga breki njia nzima zinapata moto, zinaanza kunuka kama kamba iliyoungua, halafu pedali inaingia ndani na hakuna kitu kinafanyika. Mjomba wangu mmoja alijua hiyo harufu siku moja na Probox, akaiegesha kwa ukuta wa mchanga kando ya barabara. Wote walitoka wazima. Mpaka leo hateremki bila kwanza kusimama na kugusa rimu.

Hapa manuali inakupa kitu bure. Unaweka gia ya pili kabla ya mteremko uanze, unaachilia mafuta, na injini yenyewe inalishika gari. Breki unazigusa tu kwa kona. Lori za mboga zinazoshuka kwenda Mombasa usiku hufanya hivyo hivyo, sikiliza injini zao zikinguruma polepole.

Auto nayo inaweza, ila wengi hawaiambii. Wanaacha D kutoka Mwanda mpaka Voi. Ukiwa D na umeachilia mafuta, gia inapanda juu na gari linajiendea tu, likikuachia breki peke yake. Angalia hapo kwa lever: kuna L, ama 2, ama ile sehemu ya kuongeza na kupunguza mwenyewe. Iko hapo kwa sababu ya barabara kama yako. Kama hujawahi kuitumia na umeendesha auto miaka mitatu, basi wewe na ndai yako bado hamjajuana.

Kwa hivyo mimi naona hivi, na unaweza kukataa. Kama unaishi Mombasa na kila asubuhi uko foleni ya Changamwe, Mwanda unaenda Krismasi na matanga, chukua auto na ujifunze hiyo L. Mguu wa kushoto utakushukuru. Kama unarudi nyumbani kila mwezi, na fundi wako yuko huku juu, chukua manuali. Klachi ikiisha ni kazi, ju kwa Subaru lazima gia ishushwe yote, lakini fundi wa kawaida ataiweza na utajua shida ni nini. Auto ikikufa vibaya, mara nyingi unaambiwa utafute gia nzima ya mtumba, na hiyo ni bahati nasibu juu ya bahati nasibu. Na kama leseni yako ni ya auto peke yake, mjadala umeisha, ama urudi shule.

Kitu kingine: Evo zilikoma kutengenezwa karibu 2016, na Kenya gari likizidi miaka 8 haliingii bandarini. Ukiitaka, utanunua ya hapa hapa, imepita mikono mitatu ya vijana kama wewe. Manuali iliyopita mikono hiyo, klachi yake imeteseka. Auto nayo, pengine haijawahi kubadilishwa mafuta.

Joginder alifanya Safari yake ya mwisho 1980. Baadaye akahamia Uingereza, na tarehe 20 Oktoba 2013 akafariki London akiwa na miaka 81. Mpaka sasa, ukiendesha mbio mbio kwa kijiji, kuna mzee atakuuliza kama unafikiri wewe ni Joginder. Hasemi jina lingine. Washindi wamepita wengi, hata Mehta alishinda mara tano, lakini mzee anasema Joginder.

Sasa hiyo Impreza. Mwambie mwenyewe asiiwashe kabla ufike, unataka kuisikia ikiwa baridi. Kama ni ya mkono, vuta handbreki, weka gia ya nne, achilia klachi polepole. Ikizima mara moja, klachi iko. Injini ikiendelea kunguruma na ndai haizimi, klachi imekwisha, punguza bei ama uende. Endesha, toa ya tatu urudishe ya pili, usikie kama inasaga. Kama ni auto, chomoa kijiti cha mafuta ya gia kama kipo. Yakiwa mekundu sawa. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, rudisha kijiti, mshukuru, urudi stage. Halafu kanyaga breki, toa P weka R, toa R weka D, na uhesabu. Ikichukua zaidi ya sekunde moja kushika, ama ikikupiga teke mgongoni, hiyo si yako.

Na usiende peke yako. Nenda na yule fundi wa Mwatate, umlipie fare na chapo.