Jean Stas, munganga aliyetafuta uchungu wa mti wa pome

Jean Servais Stas alizaliwa tarehe 21 Agosti 1813 katika mji wa Leuven, Ubelgiji. Alisomea uganga na akapata diplome, lakini roho yake ilikuwa kwenye kemia.

Katika chumba kidogo chini ya paa la nyumba ya baba yake, alichemsha maganda ya mizizi ya mti wa tofaa, ule ambao wengi huku wanaita pome. Mwaka 1835, yeye na mwenzake Laurent de Koninck walitoa ndani yake unga mweupe, mchungu kabisa. Ukaitwa floridzini. Juu ya uchungu ule, watu waliufikiria kuwa dawa ya homa, sawa vile kinini inayotoka kwenye maganda ya kinkina, mti unaolimwa hata Kivu. Ulijaribiwa kweli, lakini kinini ndiyo iliyobaki.

Kumbe uchungu ule ni wa mti wenyewe. Wataalamu waliokuja nyuma waliona kwamba jani la pome likiumizwa na kuvu, floridzini inavunjika na kugeuka vitu vyenye kumchokoza yule adui. Jambo la namna hiyo linaonekana hata mezani: kata pome, iache kidogo, itageuka rangi ya kahawia. Lakini silaha hiyo peke yake haitoshi. Kila mti wa pome iko na floridzini, na bado mingi inapigwa na ugonjwa wa madoa meusi kwenye majani na matunda.

Stas alienda Paris, na kisha shida nyingi akapokelewa katika laboratware ya Jean-Baptiste Dumas ili aendelee na floridzini yake. Mwaka 1840 akarudi Brussels kuwa profesa katika Shule ya Kijeshi ya Kifalme.

Kule ndiko kesi kubwa ilimkuta. Novemba 1850, mkabaila mmoja, Hippolyte de Bocarmé, alimuua shemeji yake kwa nikotini aliyoitoa mwenyewe kwenye majani ya tumbaku. Tumbaku nayo inaitengeneza kwa kujikinga na wadudu. Wakati ule hakuna mtu aliyeweza kutoa sumu ya namna hiyo ndani ya maiti. Kijana aliyezoea kutafuta kitu kimoja ndani ya maganda ya mizizi, sasa alikuwa profesa anayekitafuta ndani ya viungo vya marehemu, na akakipata. Bocarmé alikatwa kichwa mwaka 1851.

Baadaye ugonjwa wa koo ulimnyang'anya Stas sauti. Alilazimika kuacha kufundisha kabla ya kutimiza miaka 30 iliyotakiwa kwa pensheni, akaenda kufanya kazi upande wa kutengeneza pesa za serikali. Kule pia aliacha mwaka 1872, kwa kutoelewana na serikali.

Alikuwa bado hai mwaka 1886, wakati munganga Mjerumani Joseph von Mering alionyesha kwamba floridzini inatoa sukari mwilini kwa njia ya mkojo. Kwa njia hiyo zilipatikana dawa ambazo leo wagonjwa wa kisukari wanameza. Stas alikufa Brussels tarehe 13 Desemba 1891, akiwa na miaka 78.