SALMAN AL-FARISI (R.A): ALIUZWA NJIANI, AKAFIKA ALIKOKUSUDIA

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), ahli zake na masahaba zake wote.

Huenda Ramadhan hii umeifunga ukiwa na jambo lako moyoni. Pengine ulimaliza shule karo ya kuendelea ikakosekana, au kazi uliyoitegemea iliisha ghafla, au mzazi aliyekuwa nguzo ya nyumba amerudi kwa Mola wake. Unajiuliza, sasa mimi ni nani, na haya maisha yananipeleka wapi? Basi tukae kidogo na Salman al-Farisi (R.A), sahaba aliyetoka mbali kuliko wengi wetu tunavyoweza kufikiria.

Mtoto wa tajiri

Salman alizaliwa Uajemi, katika kijiji cha Jayy karibu na Isfahan. Baba yake alikuwa mkuu wa kijiji, mwenye mashamba, na alimpenda mwanawe mpaka akawa hamruhusu kutoka nyumbani. Dini yao ilikuwa ya Majusi, na kazi ya Salman ilikuwa kuchunga moto wa ibada usizimike. Kwa ufupi, hakukosa kitu.

Siku moja baba alishughulika na ujenzi, akamtuma shambani. Njiani Salman akapita kanisa, akasikia watu wakisali. Akaingia, akakaa nao mpaka jua likatua, na shambani hakufika. Aliporudi akamwambia baba yake waziwazi kwamba dini ile ameiona bora kuliko yao. Unajua alifanywa nini? Alifungwa pingu za miguu ndani ya nyumba yao wenyewe. Lakini alikuwa ameshauliza asili ya dini ile iko wapi, akaambiwa Sham. Msafara wa kwenda Sham ulipopatikana, akazivua pingu akaondoka. Kuanzia siku hiyo hakuwa tena mtoto wa tajiri.

Kutoka mwalimu hadi mwalimu

Huko Sham alimtumikia askofu aliyekusanya sadaka za watu na kuzificha. Alipokufa, Salman akawaonyesha watu mitungi saba ya dhahabu na fedha. Hebu fikiria, umeacha nyumba, mali na baba kwa ajili ya dini, halafu mwalimu wako wa kwanza anakuwa mwizi! Wangapi kati yetu wangesema basi, dini yenyewe ni uongo? Salman alijua kutofautisha kosa la mtu na haki anayoitafuta. Akamfuata askofu aliyekuja baadaye, mcha Mungu wa kweli. Huyo alipofariki akaenda Mosul, kisha Nasibin, kisha Ammuriyya katika nchi ya Warumi. Kila mwalimu akikaribia kufa alimwelekeza kwa mwingine.

Yule wa Ammuriyya hakuwa na wa kumwelekeza. Alimwambia kuwa wakati wa Mtume mpya umekaribia, atakayehamia nchi ya mitende iliyo baina ya ardhi mbili za mawe meusi. Alama zake ni tatu: hali sadaka, anakula zawadi, na baina ya mabega yake kuna muhuri wa Utume.

Kuuzwa

Salman alikuwa na ng'ombe na kondoo aliowachuma kwa kazi yake. Akawapa wote wafanyabiashara wa kabila la Kalb wamfikishe Arabuni. Walipofika Wadi al-Qura, wakamdhulumu wakamuuza. Baadaye akanunuliwa na mtu wa Banu Qurayza, akapelekwa mji mwingine. Alipouona tu aliutambua kwa mitende yake na mawe yake meusi. Ulikuwa Madina.

Simama hapo, ndugu yangu. Aliyemnunua hakujua anamsaidia. Dhuluma ilibaki kuwa dhuluma, na waliomuuza wana hesabu yao kwa Allah, lakini Allah aliitumia njia ileile kumfikisha mja wake.

Hata hivyo hakupata raha mara moja. Mtume (S.A.W) alipewa Utume Makka, na Salman kwa shughuli za utumwa hakusikia lolote. Mwaka 622, akiwa juu ya mtende, akasikia bwana wake akiambiwa kuna mtu amefika Quba kutoka Makka. Akatetemeka karibu aanguke. Alipoteremka kuuliza, akapigwa ngumi na kuambiwa arudi kazini. Jioni akachukua chakula akampelekea Mtume (S.A.W) kama sadaka. Mtume akawapa masahaba, yeye hakula. Siku nyingine akaleta kama zawadi, akala. Mara ya tatu, huko Baqi, akauona muhuri, akaubusu huku akilia.

Bado alikuwa mtumwa. Badr na Uhud zote zilimpita. Kisha akakubaliana na bwana wake kujikomboa kwa miche 300 ya mitende na wakia 40 za dhahabu. Masahaba wakachanga, huyu miche 30, huyu 20, huyu 10, na Mtume (S.A.W) akaipanda kwa mikono yake.

Ni mtu wa nani?

Mwaka wa 5 Hijria maadui walipoikusudia Madina, Salman ndiye aliyetoa shauri la kuchimba handaki, jambo alilolijua Uajemi. Ule Uajemi aliouacha ukawa na faida kwa Waislamu. Inasimuliwa kuwa Muhajirina walisema ni wao, Answari nao wakasema ni wao, ndipo Mtume (S.A.W) akamhesabu katika watu wa nyumba yake. Na sisi Kenya, ambako mtu akikutana nawe kwanza anauliza kabila, tuna la kujifunza hapo.

Baadaye Salman alikuwa amiri wa Madain, yaani gavana kama tunavyosema leo. Posho yake aliitoa sadaka, akaishi kwa kusuka vikapu vya makuti ya mtende. Inasimuliwa kuwa mgeni alimdhania hamali akambebesha mzigo, naye akaubeba. Mtoto wa tajiri, mtumwa, amiri: hali zilibadilika, yeye alijua anamtumikia nani.

Basi wewe uliyefunga na dhiki yako, usiharakishe kusema umepotea njia. Omba wakati wa kufuturu, fanya kazi iliyo mbele yako, na haki usiiache kwa sababu aliyekufundisha amekosea. Huenda mji unaoutafuta ndio huo unaolimia mitende ya mtu.

Allah atukubalie saumu zetu, awafariji wenye dhiki, na atufufue pamoja na Salman na masahaba wote. Amin.

Wabillahi tawfiq.