Bonica: Mwanamiereka aliyefunza madaktari kutibu maumivu sugu

MAUMIVU yanayodumu miaka na mikaka aghalabu hayatulizwi kwa dawa pekee. Namna mgonjwa anavyoyawazia huchangia pakubwa kuamua iwapo atarejea kazini au atasalia kitandani. Miongoni mwa waliolitambua hilo mapema ni Dkt John Bonica.

Bonica alizaliwa mwaka wa 1917 katika Filicudi, kisiwa kidogo cha Italia. Alikuwa na umri wa miaka 10 familia yake ilipohamia New York, Marekani. Akiwa kijana, aling'arisha viatu na kuuza magazeti ili kuwasaidia wazazi, kisha akajilipia karo ya udaktari kwa kupigana miereka. Hata alipojiunga na jeshi, aliendelea kupigana kwa siri huku ameufunika uso.

Mnamo 1944 alitwikwa jukumu la kusimamia idara ya nusukaputi katika hospitali ya kijeshi ya Madigan, jimbo la Washington. Huko alikumbana na wanajeshi ambao vidonda vyao vilikuwa vimepona lakini bado waliteseka, wengine wakiumwa na viungo vilivyokwisha kukatwa. Hakuna tabibu mmoja aliyekuwa na jibu kamili. Bonica aliamua kuwakutanisha wataalamu wa fani mbalimbali kumjadili mgonjwa mmoja. Mtazamo huo aliufafanua katika kitabu chake cha 1953, na kuanzia 1960 akaustawisha katika kliniki ya Chuo Kikuu cha Washington, Seattle.

Mwanasaikolojia Wilbert Fordyce wa chuo hicho aliwafunza wagonjwa kuwa kuhisi uchungu si lazima kuwe kudhurika. Anayeamini kwamba kila kichomi ni dalili ya madhara mapya huogopa kujongea, misuli ikadhoofika na uchungu ukazidi. Hivyo, mazoezi yalipimwa kwa kiwango kilichopangwa, si kwa kungoja maumivu yamsimamishe mgonjwa.

Bonica mwenyewe alikuwa mgonjwa wa aina hiyo. Miereka ilikuwa imemharibu mabega na nyonga, akafanyiwa upasuaji mara nyingi. Aliamini kuwa kazi ndiyo iliyomwondoa mawazo kwenye uchungu, na kwamba bila kazi angekuwa mlemavu kabisa.

Alikuwa mstari wa mbele kuasisi shirika la kimataifa la utafiti wa maumivu, ambalo mwaka wa 1979 lilitangaza kuwa maumivu ni jambo la mwili na la hisia pia. Bonica alifariki mwaka wa 1994. Uchungu haukuwahi kumtoka, lakini haukumzuia kufanya kazi.