Codd: Mzee aliyetuwekea data kwenye majedwali

Kabla ya 1970, kutoa data kwenye kompyuta ilikuwa kazi ya jasho. Ulipaswa kujua kila rekodi imewekwa wapi na inafikiwa kwa njia gani. Mpangilio ukibadilika, programu yako imekwama, unaanza upya.

Edgar Codd, Mwingereza aliyezaliwa 1923 na kuwa rubani katika Vita vya Pili vya Dunia, hakuipenda hiyo stori. Akiwa IBM, San Jose, Marekani, alitoa wazo rahisi 1970: weka kila kitu kwenye majedwali. La wateja kivyake, la oda kivyake, namba ya mteja iyaunganishe. Wewe sema unataka nini, kompyuta ijitafutie njia.

Shida? IBM tayari ilikuwa ikiuza mfumo mwingine, IMS, na pesa zinaingia. Wazo likakaliwa. Codd akawaendea wateja wenyewe, nao wakaisukuma kampuni. Wenzake wakaunda lugha ya SQL, lakini kampuni inayoitwa Oracle leo ikaiwahi IBM sokoni 1979.

Codd alipewa Tuzo ya Turing 1981, akafariki 2003. Ukiandika SELECT leo usiku, mkumbuke.