Robert Koch, Mpelelezi wa Vijidudu

Askari apelelezaye kosa hakamati kijiji kizima. Huwatenga watu mmoja mmoja, hupima ushahidi, ndipo amtaje mhalifu. Robert Koch alifanya kazi ya namna hiyo katika uganga, nasi leo twapenda kuyaeleza maisha yake kwa ufupi.

Koch alizaliwa Ujerumani tarehe 11 Desemba, 1843. Baada ya kuhitimu udaktari alijitolea kuwahudumia wanajeshi katika vita vya Prussia na Ufaransa vilivyoanza mwaka 1870. Kisha akawa mganga wa wilaya huko Wollstein, mji ambao leo umo katika Polandi. Akiwa huko, mwaka 1876, alithibitisha bakteria aletaye kimeta.

Tatizo lilikuwa moja. Ndani ya mchuzi wa kukuzia bakteria, aina nyingi huchanganyika, isijulikane ipi ndiyo yenye kosa. Koch aliona kwamba juu ya kipande cha kiazi kilichochemshwa huota madoa mbalimbali, na kila doa ni ukoo wa aina moja. Baadaye, kwa shauri la Fanny Hesse, mke wa daktari aliyefanya kazi katika maabara yake, walianza kutumia agari itokanayo na mwani. Tarehe 24 Machi, 1882, Koch alitangaza kiini cha kifua kikuu. Mwaka 1905 akapewa Tuzo ya Nobel.

Haki yatutaka tuyataje na makosa yake. Mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu kabla ya kuithibitisha, nayo haikuponya. Mwaka 1906 na 1907, katika visiwa vya Ssese nchini Uganda, aliwatibu wagonjwa wa malale kwa atoksili, na baadhi yao wakapofuka. Alifariki tarehe 27 Mei, 1910.

Njia yake ingali hai. Katika maabara za kilimo, miche ya migomba hukuzwa ndani ya chupa kutokana na vipande vidogo vya mmea. Utando mweupe ukitokea penye shina, mtaalamu huchota kidogo, hupaka juu ya agari, husubiri doa lililojitenga, kisha hulitia rangi na kulitazama kwa hadubini. Akishamtambua adui, huchagua dawa imfaayo.

Sisi twajifunza kwamba ushahidi hutangulia hukumu. Koch alipoifuata kanuni hiyo aliokoa wengi. Alipoiharakia, wasio na hatia waliumia.